Keki ya Krismasi bila oveni: jibu langu kwa dada wa Mbagala

Mleta mada ameuliza mambo matatu kwa mpigo. Anaishi chumba na sebule Mbagala, ana jiko la gesi la pleti mbili, oveni hana. Je, anaweza kuoka keki ya Krismasi ya maana nyumbani, au aagize tu ya krimu? Na ile keki nyeusi ya matunda inapikwaje? Naona wengi mmemjibu "agiza, usijitese". Mimi naoka za oda kila Desemba, kwa hiyo kwa faida yangu ningemwambia hivyo hivyo. Ila hapana, dada yangu, oka mwenyewe, na ya krimu achana nayo.

Keki ya krimu kwa Krismasi ya Dar ni kujitafutia presha. Desemba mchana joto linapita nyuzi 30, jasho linakutoka umekaa tu. Krimu inataka friji tangu inapopakwa mpaka inapokatwa. Sasa ibebe kwenye bodaboda kutoka Mwenge hadi Mbagala na foleni ile ya sikukuu, halafu ufike ukute umeme hakuna. Kingine ni kwamba keki ya sikukuu huku uswahilini haikai mezani kungoja wageni. Inakatwa, inapangwa kwenye sahani, inafunikwa, mtoto anatumwa kwa mwenye nyumba na kwa jirani wa mlango wa pili. Waliokuletea biriani siku ya Idi nao lazima waonje, na sahani yao huwezi kuirudisha tupu. Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachoangalia ni kama kipande kinaweza kubebwa na mtoto mpaka nyumba ya tano kikafika kizima. Keki ya iliki inafika. Keki ya matunda inafika vizuri zaidi.

Tuanze na ya iliki, maana ndiyo utakayoirudia mwaka mzima.

Siagi gramu 250 (lile pakiti la robo), sukari kikombe kimoja, mayai manne, unga wa ngano vikombe viwili, beking pauda vijiko viwili vya chai, iliki iliyosagwa kijiko kimoja cha chai kilichojaa, maziwa vijiko vinne vya chakula. Kikombe ninachosema ni cha kupimia, cha mililita 250, siyo kikombe cha chai cha nyumbani. Ukitumia Blue Band au siagi yoyote yenye chumvi, usiongeze chumvi nyingine. Hiyo inatosha kibati cha inchi 8.

Unga wetu wa kawaida ni wa chapati na maandazi, una nguvu ya kuvutika, na keki haitaki nguvu hiyo. Toa vijiko vinne vya chakula vya unga, weka vinne vya kastadi mahali pake. Kastadi ya unga ni wanga wa mahindi uliotiwa rangi na vanila, hakuna uchawi wowote. Keki inalainika na inapata rangi ya njano kama uliweka mayai kumi. Kwa wapenda historia: unga wa kastadi alianza kuutengeneza Alfred Bird wa Birmingham, Uingereza, mwaka 1837, kwa sababu mke wake mayai yalikuwa yakimdhuru. Mwaka 1843 mtu huyo huyo akatengeneza beking pauda, kwani mkewe hakuweza kula hamira pia. Kwa hiyo nusu ya keki zetu tunadaiwa na mama mmoja aliyekuwa na mzio.

Sasa siagi. Mapishi ya mtandaoni yanakwambia uiache nje ya friji mpaka ifikie joto la chumba. Chumba chao hao ni nyuzi 20. Chumba cha Mbagala mwezi wa 12 kitakupa mafuta, na siagi iliyoyeyuka haishiki hewa hata uipige mpaka mkono ukatike. Itoe kwenye friji, ikate vipande, anza kuipiga na sukari baada ya dakika chache tu. Ukiona inaanza kung'aa na kuteleza, kalisha bakuli kwenye beseni la maji baridi kisha endelea. Sukari yetu ina chembe kubwa, kwa hiyo ipitishe kwenye blenda kidogo kwanza. Piga mpaka mchanganyiko uwe mweupe na ukiuchota kwa mwiko ubaki umesimama. Kwa mkono ni dakika 15 hivi za kazi ya kweli, kwa mashine nusu yake.

Mayai yaingie moja moja, yasiwe ya baridi. Mchanganyiko ukionekana umekatika, tupia kijiko cha unga utarudi. Unga uliochekechwa pamoja na beking pauda na iliki unaingia mwishoni, unakunjwa kwa mwiko taratibu, na ukishapotea machoni acha. Hapo ndipo watu wanapoharibu, wanaendelea kukoroga kama wanasonga ugali, keki inatoka ngumu. Malizia na maziwa. Iliki tafadhali nunua ya maganda, menya, twanga mwenyewe na kijiko cha sukari ili isagike laini. Ile ya unga iliyokaa dukani kwenye pakiti harufu yake ilishaondoka zamani.

Sasa moto, na hapa ndipo kwenye kazi yenyewe.

Tafuta sufuria kubwa nzito iliyochakaa, ambayo hutaililia ikibadilika rangi, na yenye mfuniko unaokaa sawasawa. Chini mwaga mchanga mkavu kimo cha vidole viwili. Uwe wa mtoni au wa ujenzi, umeoshwa na kuanikwa. Wa baharini uache, una chumvi na utaila sufuria. Wengine wanaweka chumvi ya mawe, wengine mawe matatu tu na bati juu yake. Mchanga naupenda kwa kuwa unatawanya moto na unashika joto hata ukiupunguza. Funika, washa gesi moto wa kati kwa dakika kumi. Kibati chako kilichopakwa siagi na kutandikwa karatasi kiingie, kiguse mchanga lakini kisiguse ukuta wa sufuria. Punguza moto uwe mdogo kabisa. Funga mfuniko kwa kitambaa safi cha pamba, ncha zake uzifunge juu kwenye kishikio mbali na moto. Kitambaa kinanyonya mvuke. Bila hicho, matone yanadondokea keki, unapata juu pamelowa.

Usifunue kabla ya dakika 40. Nasema tena, usifunue. Keki inasimama kwa viputo vya gesi ya beking pauda, na kuta za viputo hivyo zinakuwa hazijakaza bado. Hewa ya baridi ikiingia vinanywea na katikati panabonyea. Baada ya dakika 40 chomeka kijiti, kikitoka kikavu imeiva, kikitoka na uji funika uendelee dakika kumi kumi. Kwa kawaida ni kati ya dakika 50 na saa nzima.

Kasoro moja ya gesi ni kwamba moto uko chini peke yake, kwa hiyo juu panakuwa peupe. Ukitaka ganda la kahawia, hakuna kinachoushinda mkaa. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko wa bati au sinia (kitambaa hakihusiki hapa kabisa), na keki inaiva kama mkate wa mayai wa Unguja. Watu wanakosea kwa kuweka mengi chini. Ukisikia harufu ya sukari kuungua kabla ya nusu saa, toa makaa ya chini mara moja. Na mkaa uwe uani au barazani, kamwe usiwashe ndani ya chumba umefunga madirisha. Gesi ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye mkaa haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini.

Keki ya iliki ioke tarehe 23. Siku ya pili inakuwa tamu zaidi, na tarehe 24 unakuwa na nafasi ya kukuna nazi, kuchambua mchele wa pilau na kuwahi misa ya mkesha.

Sasa keki nyeusi. Hii asili yake ni ya Waingereza: wao wanaioka wiki nyingi kabla, wanaizungushia karatasi, na kila baada ya siku kadhaa wanainywesha brandi. Inadumu kwa sababu ina sukari na matunda makavu mengi na maji kidogo. Hilo hata kwenye joto letu linasaidia, ingawa mimi siiachi kabatini zaidi ya wiki mbili hivi. Ikizidi hapo inahamia kwenye friji. Matunda naloweka Sikukuu ya Uhuru, tarehe 9, kwa sababu ni siku ya mapumziko na ni rahisi kukumbuka.

Matunda yote kwa pamoja nusu kilo. Zabibu kavu ndizo nyingi, za kupima sokoni zinatosha, zioshe vizuri maana huwa na mchanga. Zile chembe nyekundu na kijani zinazouzwa kwa ajili ya keki mara nyingi ni papai bichi lililopikwa kwenye shira, kwa hiyo lipike mwenyewe. Menya papai bichi, kata vipande vidogo kama punje za mahindi, chemsha mpaka viwe kama kioo, chuja, kisha pika kwenye shira ya sukari na maji kiasi sawa mpaka shira iwe nzito. Tia karafuu mbili na ganda la chungwa. Vianike kwenye chekeche mpaka kesho yake. Nanasi nalo fanya vivyo hivyo. Desemba mananasi ya Kiwangwa yapo. Lozi ni bei, na sioni sababu ya kuzitafuta wakati korosho za Mtwara zipo. Gramu 100 zilizokatwakatwa zinatosha.

Kulowekea: kama keki ni ya kwenu tu na mnakunywa, mvinyo mwekundu mtamu wa Dodoma unafaa sana, kwangu mimi unaishinda brandi. Kama sahani itaenda kwa majirani Waislamu, au kwa Walokole, tumia juisi ya machungwa iliyochemshwa na tangawizi na mdalasini, na uyaweke kwenye friji. Msidanganyane kwamba pombe yote inaondoka kwenye moto, nyingine inabaki. Hata vanila ya maji soma kibandiko chake, nyingi zina alkoholi. Mimi naoka ya juisi peke yake siku hizi, ili nisianze kukumbuka kipande kipi ni cha nani.

Weusi wake hautoki kwenye kakao. Unatoka kwenye sukari iliyounguzwa. Nusu kikombe cha sukari kwenye sufuria kavu, moto wa kati, bila maji. Inayeyuka pembeni kwanza, inakuwa rangi ya asali, halafu ya chai, halafu ya kahawa. Moshi wa kwanza ukitokea, epua, rudi nyuma hatua moja, mimina nusu kikombe cha maji ya moto kwa kunyoosha mkono. Itafoka kwa hasira, watoto wasiwe karibu. Rudisha jikoni ikoroge iyeyuke yote, ipoe. Ukionja peke yake ni chungu, ila ndani ya keki uchungu ule ndio unaozuia utamu usikinaishe.

Mchanganyiko wenyewe: siagi gramu 200, sukari kikombe kimoja, mayai manne, unga vikombe viwili (hapa kastadi usiweke, unga uwe na nguvu ya kubeba matunda), beking pauda kijiko kimoja cha chai, mdalasini kijiko kimoja, nusu ya kungumanga iliyokunwa, karafuu iliyosagwa chembe tu. Matunda yachuje, yagaragaze kwenye unga kidogo, yatie mwisho pamoja na sukari ya kuunguza. Kwenye oveni ni nyuzi 150 kwa saa mbili na nusu hivi. Kwenye sufuria usipike moja kubwa, gawa kwenye vibati viwili vya inchi 6, vizungushie magazeti mawili matatu kwa nje yaliyofungwa uzi, na upike kwa saa moja na nusu, kimoja kimoja. Ukiona gesi itakuishia, ulizia mtaani kwa mwokaji wa mikate. Wengi wakishatoa mikate tanuri linabaki na joto la kufaa kabisa, na wanakubali kibati chako kwa hela ndogo.

Kuna aliyeuliza hapo juu kuhusu mtu asiyekula ngano. Huyo mpikie mkate wa kumimina: mchele vikombe viwili uliolowekwa usiku kucha, usage laini na tui zito kikombe kimoja, sukari robo tatu ya kikombe, hamira kijiko kimoja cha chai, iliki. Uumuke mpaka utoe mapovu, mimina kwenye chombo kilichopakwa mafuta na kupata moto, halafu moto juu na chini kama nilivyoeleza.

Mayai na siagi nunua mapema mwezi huu, wiki ya sikukuu bei yake huwa si ya kuchezea. Na fanya jaribio la keki ya iliki wikiendi hii hii kwa nusu ya vipimo, kwenye sufuria hiyo hiyo utakayotumia. Ikigoma, rudi hapa useme jiko ni lipi, sufuria ni nzito kiasi gani, na keki imegoma wapi, chini, juu au katikati. Bila hayo matatu hakuna anayeweza kukusaidia.