Kurekodi faili nyingi bila kusimamisha picha ya skrini

Ukirekodi video ya kamera katika faili zinazofuatana, na picha ya skrini ikaganda kila faili mpya inapoanza, huenda ni kwa sababu unasimamisha mkondo mzima wa kamera, ilhali kinachopaswa kufungwa ni faili peke yake. Katika GStreamer, mfumo wa programu wa kuchakata video na sauti, ugawe mkondo kwa tee (kipengele cha kugawa mkondo) ili tawi moja liende kwenye skrini na la pili lipitie kisimbaji, yaani kinachobana video, hadi splitmuxsink, kipengele cha kuandika faili ambacho hufunga faili na kufungua inayofuata bila kuigusa kamera. Kila tawi lianze na queue yake, yaani foleni inayoshikilia data kwa muda. Hili usiliruke hata kidogo, kwani bila hiyo tawi moja likikwama, jingine nalo husimama. Kwenye queue ya skrini weka leaky=downstream, ili fremu (picha moja moja za video) zilizochelewa zitupwe badala ya kurundikana.

Urefu wa kila faili huwekwa kwa mpangilio wa splitmuxsink uitwao max-size-time, inayohesabiwa kwa nanosekunde: dakika 10 ni 600000000000, na sifuri moja ikipungua utapata faili za dakika 1. Faili hukatwa kwenye fremu kuu tu, yaani ile isiyotegemea fremu nyingine, kwa hiyo nafasi kati ya fremu kuu mbili ikizidi muda uliouweka, faili itaupitiliza. Ukiwasha send-keyframe-requests, splitmuxsink itaiomba fremu hiyo kwa wakati.