Maswali ya Wasomaji: Hisa za kuazima, GameStop na mnunuzi wa lazima

Maswali ya safari hii karibu yote yamegusa jambo moja: zile hejifandi za Marekani, yaani mifuko ya faragha inayokusanya fedha za matajiri na taasisi, zilivyopigwa Januari 2021 na watu wa kawaida waliokuwa wakinunua hisa kwa simu. Baadhi ya mifuko hiyo ilikuwa imeazima hisa za kampuni ya GameStop na kuziuza, ikitarajia bei ishuke izinunue tena kwa bei nafuu. Tumeyaunganisha yanayofanana.

Mtu anauzaje hisa asizo nazo? Halafu anapotezaje zaidi ya alichoweka?
*Msomaji, Sinza*

Twende kwanza Tandale sokoni. Unamfuata mwenye ghala, unaazima magunia 10 ya mchele. Sharti ni kurudisha magunia 10 ya mchele wa aina ileile, fedha haitaki. Unayauza leo kwa 250,000 kila moja, unashika 2,500,000. Mavuno ya Kyela na Mbarali yakiingia na bei ikashuka hadi 200,000, unanunua magunia 10 kwa 2,000,000, unayarudisha, na 500,000 ni yako ukishatoa ujira wa kuazima. Bei ikipanda hadi 600,000, mwenye ghala bado anakudai magunia 10, na sasa ni 6,000,000. Bei ikishuka mwisho wake ni sifuri. Ikipanda haina mwisho, na deni lako linapanda nayo.

Sasa hisa zenyewe. Tuseme umeazima hisa 100 kwa dalali wa Marekani na kuziuza dola 20 kila moja. Dola 2,000 za mauzo hupewi mkononi, zinakaa kwa dalali, na sheria inakutaka uongeze dola 1,000 zako, jumla 3,000. Baada ya hapo, kiwango cha chini ni kwamba kinachobaki ukishaondoa gharama ya kuzinunua tena hisa zile kisipungue asilimia 30 ya thamani yake ya siku hiyo. Piga hesabu: bei ikifika kama dola 23.08 tu, dalali anakupigia uongeze dhamana. Ni ongezeko la asilimia 15, jambo ambalo hisa ndogo hulifanya ndani ya wiki bila kelele yoyote. Usipoleta fedha, dalali ananunua hisa mwenyewe kwa bei iliyopo sokoni na kukukata. Ujira wa kuazima unahesabiwa kila siku, na kampuni ikitoa gawio, wewe ndiye unamlipa mwenye hisa.

GameStop, kampuni ya maduka ya michezo ya video, ilifunga mwaka 2020 kwa dola 18.84. Tarehe 27 Januari 2021 ilifunga kwa dola 347.51. Yule wa hisa 100 za dola 20 angehitaji dola 34,751 kuzirudisha. Hasara ni dola 32,751, na alichoweka mfukoni mwake ni 1,000.

Wanasema zilizouzwa kwa kuazima zilizidi hisa zote zilizokuwa sokoni. Si wizi huo?
*Mfanyabiashara, Kariakoo*

Si lazima. Gunia lile uliloazima ulimuuzia mama ntilie. Naye hajui kama ni la kuazima, ni mali yake halali, kwa hiyo anaweza kumwazima mtu mwingine, ambaye naye analiuza. Gunia moja, madeni mawili. Ripoti ya wafanyakazi wa SEC, wasimamizi wa masoko ya Marekani, ya Oktoba 2021, inaonyesha kwamba kwa GameStop kiasi hicho kilifika takriban asilimia 123 ya hisa zinazozunguka.

Tarakimu hiyo inatisha, lakini peke yake haitoshi. Wajuzi huigawanya idadi ya hisa zinazodaiwa kwa wastani wa hisa zinazouzwa kwa siku, wapate siku ngapi zingehitajika wadaiwa wote wanunue na kurudisha. Siku 1 ni mlango mpana. Siku 8 au 10 ni watu wengi kwenye daladala moja yenye mlango mmoja, tena imeanza kuwaka.

Lakini watu wadogo wenye dola mia mia waliwezaje kuitikisa mifuko ya mabilioni?
*Msomaji, Mbagala*

Fedha zao hazikuwa nyingi kiasi hicho. Walichofanya ni kununua mahali palipokuwa na mnunuzi wa lazima. Shika neno hilo, mengine yote yanatokana nalo. Aliyenunua hisa kwa hiari akiona bei mbaya anakaa pembeni. Aliyeazima hana pembeni pa kukaa: bei ikipanda analazimika kununua, na ununuzi wake unapandisha bei zaidi, hadi anayefuata naye analazimika. Huo ndio mbano.

Kuna kasoro nyingine ambayo wengi huiruka. Ukinunua hisa ya kawaida na ikashuka, inakuwa sehemu ndogo zaidi ya mfuko wako, kosa linajipunguza lenyewe. Hisa ya kuazima ni kinyume chake. Mfuko wa dola 100 wenye deni la hisa za dola 5 unaonekana una tahadhari. Hisa ile ikipanda mara 4, deni ni dola 20 na mfuko umebaki na 85. Kutoka asilimia 5 umefika karibu asilimia 24, bila kuuza wala kuazima kitu kipya. Meneja anapaswa kupunguza, na kupunguza maana yake ni kununua.

Melvin Capital, hejifandi ya Gabe Plotkin, ndiyo iliyoumia hadharani zaidi. Hisa za kuazima hazitajwi katika taarifa ambazo mifuko ya Marekani hupeleka kwa wasimamizi kila robo mwaka, ila opsheni za kuuza, yaani mikataba ya haki ya kuuza hisa kwa bei iliyopangwa, ambayo humfaa mwenye nayo bei ikishuka, hutajwa, na Melvin ilikuwa nazo za GameStop. Watu wa WallStreetBets, jukwaa la mtandaoni la wanunuzi wadogo wa hisa, wakazisoma. Wakaanza kununua hisa, na pia opsheni za kununua, yaani haki ya kununua hisa kwa bei iliyopangwa, ambazo muuzaji wake mara nyingi hujikinga kwa kununua hisa yenyewe. Tarehe 11 Januari ikatangazwa kwamba mwekezaji Ryan Cohen anaingia kwenye bodi ya GameStop. Tarehe 25, hejifandi nyingine zikaiokoa: Citadel na washirika wake waliingiza Melvin dola bilioni 2, na Point72 milioni 750. Melvin ilijitoa kwenye GameStop, na mwezi huo ilipoteza asilimia 53. Mei 2022 ikatangaza kufunga.

Tuwe wakweli hapa: hasara ile haikutokana na GameStop peke yake. Mfuko ulikuwa na hisa nyingine za kuazima zilizopanda siku zilezile. Na ripoti ya SEC inasema waliolazimika kununua walichangia, ila bei iliendelea kukaa juu kwa sababu watu wa kawaida waliendelea kununua. Kwa hiyo mnunuzi wa lazima alichochea moto, kuni nyingi zilitoka kwingine.

Mbano si uvumbuzi wa simu za mkononi. Oktoba 2008 Porsche ilitangaza kwamba ikijumlisha hisa na opsheni ilishika karibu asilimia 74 ya Volkswagen. Jimbo la Lower Saxony la Ujerumani lilikuwa na 20. Hesabu iliyobaki ilikuwa ndogo kuliko hisa zilizokuwa zikidaiwa, na bei ikapita euro 1,000 kwa hisa.

Shikamooni. Kwa nini Robinhood ilizuia watu kununua siku ya joto lenyewe? Si iliwalinda matajiri?
*Mwanafunzi, Mlimani*

Marahaba. Robinhood ni kampuni ya udalali ambayo wengi waliitumia kununua hisa kwa simu. Sababu iliyotolewa mbele ya Bunge la Marekani ni ya bomba la fedha, na inaingia akilini. Wakati ule ukinunua hisa Marekani, biashara inakamilika siku 2 za kazi baadaye. Katikati hapo, nyumba ya makabidhiano, yaani taasisi inayosimamia kubadilishana hisa na fedha kati ya madalali, inamtaka dalali aweke dhamana asije akashindwa. Bei ikiyumba na wateja wote wakielemea upande mmoja, dhamana hupanda. Alfajiri ya 28 Januari, kwetu ni saa 7 mchana, Robinhood ilidaiwa takriban dola bilioni 3. Haikuwa nazo. Ikazuia kununua, ikaruhusu kuuza, kwa sababu ni ununuzi unaoongeza dhamana. Dai likapunguzwa.

Siku hiyo bei iligusa dola 483 kisha ikafunga 193.60. Lawama za kuwaacha wateja njiani Robinhood ilistahili, kwa maoni yetu: dalali asiye na akiba ya siku ya vurugu hajajiandaa. Tangu 28 Mei 2024 muda umepunguzwa kuwa siku 1.

Mpwa wangu ana programu kwenye simu, ina kitufe cha kuuza hata kama huna hisa. Nina akaunti ya CDS pia. Je, haya ya GameStop yanawezekana kwetu?
*Mama, Tegeta*

Mama, hayo ni mambo mawili.

Kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, ukitoa oda ya kuuza, hisa zinatoka kwenye akaunti yako ya CDS, yaani daftari la kielektroniki linalotunza hisa zako. Kama hazimo, hakuna cha kuuza. Kwa hiyo mnunuzi wa lazima hayupo. Kikundi cha WhatsApp kinaweza kweli kupandisha bei ya hisa inayouzwa kidogo kidogo. Twiga Cement, kwa mfano, zaidi ya theluthi mbili ya hisa zake iko kwa mwenye kampuni mmoja na haizunguki. Kazi ni kutoka. Wa kukuuzia wapo, wa kununua kwako siku ya pili ni wale wale wa kundi lenu. Kabla ya kununua, mwombe dalali akuonyeshe oda za wanunuzi zilizopo na idadi ya hisa katika kila bei, usiishie kwenye bei ya mwisho.

Programu ya mpwa wako uwezekano mkubwa haiazimi hisa yoyote. Ni mkataba wa tofauti ya bei kati yake na kampuni ya programu. Akikopeshwa mara 20 ya alichoweka, mwendo wa asilimia 5 upande mbaya unamaliza mtaji wote. Atakuambia ameweka bei ya kujitoa. Mwulize kuhusu usiku. GameStop ilifunga 26 Januari kwa dola 147.98, kesho yake ikafungua kwa 354.83. Aliyeweka kujitoa dola 160 hakutolewa 160. Soko lilipofunguliwa bei hiyo haikuwepo, alitolewa karibu na 354. Na soko la New York hufungwa saa 6 usiku kwetu majira yao ya baridi, hufunguliwa saa 11 na nusu jioni. Hayo yote hutokea wakati ambapo hawezi kubonyeza chochote.

Afanye hivi: aangalie kama kampuni hiyo imo kwenye orodha ya wenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, kwa jina kamili la kampuni, maana jina la programu mara nyingi ni jingine. Kisha asome kwenye mkataba kama akaunti inaweza kwenda chini ya sifuri akabaki anadaiwa. Na ajaribu kutoa fedha kidogo, hata 20,000, kabla ya kuweka nyingine.

Waliochelewa kununua GameStop walipata nini?
*Msomaji, Kimara*

Aliyenunua kwa bei ya kufunga ya 27 Januari na kuuza kwa bei ya kufunga ya 2 Februari, dola 90, alipoteza asilimia 74. Aliyengoja hadi 19 Februari aliuza kwa 40.59.