Majani ya nyuma ya nyumba yako ni shayiri pori, ila kuna mgeni na mwenyeji

Dada uliyeuliza jana kuhusu majani yanayofanana na ngano, yaliyojaa nyuma ya nyumba yenu pembezoni mwa Phoenix: mama mkwe anataka kuwakatia mbuzi, na wewe unajiuliza kama hata mtu anaweza kuyala. Nimeona wadau wamekujibu "magugu hayo, piga dawa". Subiri kidogo kabla hujapiga dawa. Mimi nimekulia Karatu, shayiri ya viwanda vya bia naijua tangu nikiwa mtoto, na huku Arizona natimiza mwaka wa tisa. Hayo majani nimeyapanda, nimeyala, na yameshanitoa hela mfukoni.

Inawezekana kabisa hapo kwako kuna mimea miwili tofauti. Chuma shina moja, angalia pale jani linapokutana na shina. Ukikuta vijisikio viwili vyenye ncha, vimelikumbatia shina kama kucha, huyo ni Hordeum murinum, mgeni aliyetokea nchi za Mediterania. Suke lake limejaa, na ndevu zake ni ndefu. Kama vijisikio havipo, suke ni jembamba na limesimama wima, ndevu ni fupi, na mmea wenyewe haufiki gotini, basi huyo ni mwenyeji, Hordeum pusillum. Nitamwita shayiri ndogo. Usiwe na haraka, mimi mwenyewe mwaka wa kwanza niliwachanganya.

Kuhusu mbuzi: yakiwa mabichi, kabla hayajatoa suke, mkatie mama mkwe awape, watayafurahia. Suke likishatoka na kuanza kukauka, acheni. Chukua suke kavu la yule mgeni ulipitishe vidoleni kutoka chini kwenda juu, utaona linateleza. Sasa lirudishe. Linakwama, kwa sababu ndevu zina vijimeno vyote vinavyoelekea upande mmoja. Kikishaingia mahali kipande cha suke kinasonga mbele tu, hakirudi. Kwa mbuzi kinachoma fizi na ulimi. Kwangu kiliingia sikioni mwa mbwa wa mwanangu. Mbwa siku mbili anatikisa kichwa, anatembea kaupinda upande, sisi tunadhani ni kupe. Daktari wa mifugo alikuja kutoa kitu kidogo kuliko kijiti cha kiberiti, nikalipa karibu dola 300. Kwa hiyo huyo mgeni mfyeke sasa hivi, ungali mwezi wa tatu, na dawa huna haja nayo. Akikatwa kabla mbegu hazijakomaa, mwakani atapungua sana.

Mwenyeji naomba umwachie kona.

Hapo tunapoishi, watu ambao wataalamu wa mambo ya kale wanawaita Hohokam walilima kwa karne nyingi, hadi miaka ya 1400 hivi, kwa maji ya mto Salt. Walichimba mamia ya kilomita za mifereji bila mnyama wa kukokota wala chuma. Jack Swilling alipokuja kuanzisha kilimo mwaka 1867 alifuata njia za mifereji hiyohiyo, na ndiyo maana mji ukapewa jina la yule ndege wa hadithi anayefufuka kutoka majivuni. Sasa, kwenye mabaki ya makazi ya Hohokam zimekutwa punje za shayiri ndogo zilizoungua, na nyingine hazina ganda. Kwa mkulima hilo ni jambo kubwa. Shayiri ndogo ya porini ganda lake limeng'ang'ania punje, halitoki kirahisi. Punje ikianza kutoka uchi, ujue kuna watu walikuwa wakichagua mbegu, mwaka baada ya mwaka. Lilikuwa zao kamili. Na hata mbali huko mashariki, upande wa Illinois na Missouri, lililimwa pamoja na alizeti, maboga na mimea ya jamii ya mchicha kabla mahindi hayajatawala mashamba.

Kwa nini wahangaike na kipunje kidogo hivyo na mahindi wanayo? Ni kwa ajili ya msimu. Mahindi na maharage ni mazao ya joto. Kufika mwezi wa nne ghala limebaki vumbi, na mahindi mapya bado miezi. Shayiri ndogo inaota mvua za baridi zikianza, inakomaa wakati huohuo wa njaa, halafu inakufa kabla jua la Juni halijaanza kutuchoma. Baadaye wamisionari wa Kihispania, wakati wa Padri Eusebio Kino aliyefika mwaka 1687, walileta ngano, nayo ikakaa kwenye nafasi hiyohiyo ya msimu wa baridi. Waakimel O'odham, wenyeji wa bonde hili mpaka leo, waliilima ngano kiasi cha kuwauzia wasafiri waliokuwa wakikimbilia dhahabu ya California mwaka 1849.

Mimi huo msimu wa shayiri ndogo nilijifunza kwa kupoteza mbegu zake. Nilizipanda mwezi wa tano, akili yangu iko kwenye masika ya nyumbani. Nikamwagilia wiki tatu, haikuota hata moja. Mbegu hizi zinangoja baridi. Mwishoni mwa Oktoba nikakwaruza udongo kwa reki, nikarusha mbegu kama ulezi, nikafukia kidogo sana, nikanyunyiza maji. Baada ya siku kumi hivi kijani kikatokea. Mbolea sikutia, na udongo wangu ni mgumu, una chumvi nyeupe juu. Haikujali.

Kuvuna ndiyo kazi. Ukichelewa siku chache suke linavunjika pingili kwa pingili, mbegu zote chini. Nenda alfajiri kukiwa na umande, suke likiwa rangi ya majani makavu ila chini bado lina ukijani kidogo, kata kwa mkasi utie kwenye mfuko. Jioni nazikaanga kavu kwenye sufuria pana huku nakoroga. Ndevu zinaungua, nyumba inanuka nywele, mke wangu anafungua madirisha yote. Wenyeji wa huku walikuwa wakikaanga mbegu ndogo ndani ya vikapu pamoja na makaa ya moto, wanavirusha na kuvizungusha bila kusimama ili kikapu kisiungue. Mimi sijathubutu. Kisha natwanga taratibu kwenye kinu, napepeta kwa ungo, natwanga tena. Kazi ya jioni tatu ilinipa glasi moja na nusu ya punje. Nilizisaga nikapika uji: mzito, wa kahawia, una harufu ya moshi, unakaribia ulezi ila hauna ule uchachu. Watoto walimaliza, mke wangu akasema ni uji wa kuku.

Tahadhari tatu za haraka. Usichume pembezoni mwa barabara wala kwenye bustani za watu, wanapiga dawa. Ukiona punje nyeusi iliyorefuka kama kucha, ni ukungu wenye sumu, tupa suke zima. Na mwenye tumbo lisilopatana na ngano asiguse, hii ni jamii ileile.

Mbegu zangu nimeziweka kwenye chupa ya jemu, ni zile za masuke yaliyochelewa kuvunjika. Nitakupunguzia kiganja kimoja, ila Oktoba, siyo sasa.