Wadogo zangu mnaofuga mbuzi wa maziwa, tenganisheni madume

Wiki hii nimepita kwenye mabanda ya vijana huku kwetu Sikonge, na kila banda nakuta yale yale: vitoto vya kiume na vya kike chumba kimoja, mwenye mali anachekelea. "Mzee, hawa bado wadogo." Wadogo! Basi nisikilizeni kabla hamjanitia presha.

1. Udogo wa mbuzi unadanganya. Wale mbuzi vibete wa Afrika Magharibi mnaowatazama kwenye simu, ambao jike hafiki sentimita 60 begani, dume lao laweza kutia mimba likiwa na wiki saba au nane. Chotara wetu, mzao wa mbuzi mfupi wa kienyeji na mbuzi wa maziwa wa kizungu, Saanen au Toggenburg, huchelewa kidogo, lakini ikifika miezi mitatu au minne usimwamini.

Kabula ndiye aliyenifundisha. Alizaliwa pacha na kaka yake mvua za kwanza, mtoto wa jike langu bora, nami nilishampigia hesabu kwamba ndiye atakayerithi kiwele cha mama yake. Beberu sikufuga, jike akiingia joto nampeleka kwa jirani, nalipa, narudi naye. Kwa hiyo kichwani mwangu nyumba yangu haikuwa na dume. Yule kaka mtu tulimwona akipanda dada zake, hata mama yake, watoto wakacheka, na mimi nikacheka. Kumhasi nikasema tutaona, kwanza anenepe kwa ajili ya Krismasi.

Kabula akaanza kujaa tumbo. Nikasema minyoo, nikamnywesha dawa. Binti yangu akaniambia, "Baba, mbona kiwele kinashuka?" Nikamjibu huyo ni mtoto, ananawiri tu. Mimi, niliyekuwa nawafundisha wenzangu kijijini!

Siku ya kuzaa ikaja usiku. Kichwa cha kitoto kikakwama, maana nyonga za Kabula zilikuwa hazijapanuka. Afisa mifugo alifika na pikipiki kulipokucha, akavuta kitoto kikiwa kimeshakufa, na Kabula akafa kabla jua halijawa kali. Akinawa mikono akaniuliza, "Mzee, beberu wako yuko wapi?" Nikajibu kwa kujiamini kabisa kwamba sina. Hakunibishia. Akamtazama tu yule kaka mtu, ambaye muda huo alikuwa mgongoni kwa dada mwingine.

Sasa: madume wapate chumba chao kabla ya miezi mitatu, au wahasiwe mapema. Na jike asipandwe mpaka afikishe walau theluthi mbili ya uzito wa jike mzima wa aina yake. Umri peke yake usikutie moyo. Tafuta mizani ya kuning'iniza.

2. Andika tarehe ya kupandwa kwenye daftari. Asiposhika mimba, joto hurudi baada ya siku 21 hivi; akishika, mimba huchukua siku 150 hivi.

3. Dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, inyonywe saa zile za mwanzo. Kijana mmoja aliikamua akaimwaga, eti maziwa ya njano ni machafu. Nilikaa chini kwenye kigoda nikaomba maji ya kunywa.

4. Beberu akae mbali na sehemu ya kukamulia, maana harufu yake huingia kwenye maziwa, halafu mnalalamika kwamba watu wa Tabora hawapendi maziwa ya mbuzi. Wateja wangu wanaungia chai na hakuna anayeuliza.

5. Kiangazi ndicho kinachoonyesha nani alipanda lukina, mti wa malisho, na nani alitegemea pori. Majani ya mbaazi yakaushwe kivulini mapema. Maganda mabichi ya muhogo mchungu ni sumu, yaanikeni kwanza. Tumbaku nayo ina nikotini, sumu pia, na mbuzi akivunja kamba akaingia shambani hajali kwamba umeilima kwa mkopo wa pembejeo.

6. Chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo msingoje mpaka wa jirani waanze kuharisha.

7. Sakafu ya banda iinuliwe, na nafasi kati ya mbao iwe kama sentimita moja na nusu, kinyesi kipite, kwato zibaki juu. Kuna fundi wetu mmoja alizipanua apendavyo, akasema hewa ipite. Hewa ilipita vizuri sana, na mguu wa kitoto ukapita.