Chuo Kikifungwa Desemba: Kwa Vijana wa Tanga Wanaokwenda Kusoma Ujerumani

Ikifika Agosti na Septemba, vijana wa hapa Tanga waliopata nafasi ya kusoma shahada ya pili Ujerumani hupita nyumbani kuaga, na swali ni lile lile: tununue koti la aina gani? Huwajibu upesi. Makoti yako kule kule, ya mtumba yamejaa, na utakalobeba kutoka Ngamiani huenda lisikufae hata mwezi wa kumi. Hakuna anayeniuliza kuhusu zile wiki mbili za Krismasi na Mwaka Mpya, chuo kinapofungwa, Wajerumani wanaporudi kwao, na korido nzima ya hosteli ukabaki wewe na Mkolombia wa chumba cha mwisho. Nilisoma Bremen, na niliona wanafunzi hodari, wasiojua kufeli, wakiyumba katika wiki hizo. Kwa hiyo, wadogo zangu, Desemba ya kule ipangeni Novemba, na mnapopanga mwanze na watu kabla ya kazi.

Lakini ngoja nimalize habari ya tumbo kwanza, maana ndiyo nyepesi. Kwa Wajerumani siku yenyewe ni jioni ya tarehe 24. Siku hiyo maduka hufungwa ifikapo saa nane mchana, mengine mapema zaidi. Tarehe 25 na 26 zote ni sikukuu, na Jumapili karibu maduka yote hayafunguliwi. Sasa tazameni kalenda ya 2026: tarehe 25 ni Ijumaa, 26 Jumamosi, 27 Jumapili. Ukizubaa mchana wa Alhamisi, duka utaliona tena Jumatatu. Hata duka la Mturuki unakonunua nyama ya halali linafungwa, kwa kuwa sheria haiulizi dini ya mwenye duka. Vijiduka vya stesheni ya treni huwa wazi, ila bei zake ni za kumkomoa abiria. Kufikia tarehe 22 uwe na mchele, unga, makopo ya tui, samaki wa barafu, na dawa zako kama unazo unazotumia. Madaktari nao huenda likizo. Daktari wa zamu anapatikana kwa namba 116117, na dharura kubwa ni 112. Ziingize kwenye simu ukiwa bado mzima.

Kwenye watu ndipo penye kazi, na ugumu wenyewe tunausafirisha kutoka huku. Sisi tumelelewa kwamba mtu akikuuliza hali unasema salama, na akikukaribisha chakula unakataa kwanza, naye anakushika mkono hadi ukae mkekani. Kule hakuna wa kukushika mkono. Mwenzako wa maabara atakuuliza Novemba, kama mtu anayepiga soga tu, "Krismasi utakuwa wapi?" Huyo anapima maji. Ukimjibu, "Usijali, nina kazi nyingi," atalichukua neno lako kama ulivyolitoa na hatarudia. Wala hajakudharau, kwa mila yao amekuheshimu. Mwambie tu, "Nitabaki hapa, sina mpango wowote." Nimeona sentensi hiyo ikiwafungulia watu milango ya nyumba ambazo wanazitembelea mpaka leo.

Ukialikwa, sema mapema kwamba huli nguruwe na hunywi pombe, kama ndivyo ulivyo. Familia nyingi usiku wa tarehe 24 hula saladi ya viazi na soseji, na soseji yenyewe mara nyingi ni ya nguruwe. Ukiwaambia wiki moja kabla, hawaoni tabu. Wanaudhika ukinyamaza, kisha sahani ikarudi jikoni kama ilivyokuja. Fika saa uliyoambiwa, si nusu saa baadaye, na usiende mikono mitupu: pakiti ya chai ya Usambara inatosha, na haichukui nafasi kwenye begi. Kwenye masoko ya Krismasi utapewa kikombe cha mvinyo wa moto kabla hujauliza. Iko aina ya watoto isiyo na kilevi, agiza hiyo bila haya.

Usipoalikwa, alika wewe. Mimi hili nalipenda kuliko hata kualikwa. Waliobaki hosteli ni Wahindi, Waindonesia, Wakameruni, na wote wanaogopa kugongeana milango. Wagongee. Shika jiko la pamoja tarehe 26, pika pilau, kila mmoja alete cha kwao. Jumuiya za wanafunzi za Kiprotestanti na Kikatoliki nazo huandaa shughuli za wageni, na kwa kawaida hawaulizi dini ya mtu. Waislamu wenzangu husita kuingia. Ingieni, chai ni chai.

Giza lisikushtue. Bremen, karibu na tarehe 21 Desemba, jua huchomoza yapata saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi na dakika chache jioni. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote zinaingia ndani ya saa nne, kwa hiyo ukilala hadi mchana umeipoteza siku nzima pamoja na swala zake. Toka nje saa sita mchana hata kama kuna mawingu. Jua la majira hayo liko chini mno kuipa ngozi vitamini D, na ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi, basi zungumza na daktari mapema. Chumbani usizibe madirisha usiku na mchana kwa kuogopa baridi. Fungua kabisa kwa dakika tano au kumi mara kadhaa kwa siku, la sivyo unyevu wa kupika na wa nguo unazoanika ndani utaotesha ukungu ukutani, na mwenye nyumba atakudai wewe.

Kuhusu kazi ya chuo, usijidanganye kwamba utaandika tasnifu yote. Msimamizi hajibu barua pepe, maktaba ina saa chache au imefungwa, na ofisi nyingi hazina mtu hadi Januari. Saini, barua na vitabu vyote vitafute kabla ya tarehe 18. Chagua sura moja, au data ya jaribio moja, basi. Na jueni hili: kwa kuwa ninyi hamwendi popote, mtaombwa kulisha samaki wa maabara au kumwagilia mimea ya watu. Kubali, ni heshima, lakini dai maelekezo kwa maandishi na namba ya simu ya mtu atakayepokea. Majaribio ya hatari usifanye peke yako katika jengo tupu.

Wapo watakaotaka vibarua. Tangu Machi 2024 mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa siku 140 kamili kwa mwaka, au nusu siku 280, na maghala ya vifurushi hutafuta watu kabla ya Krismasi. Kama una ufadhili, soma mkataba wake kwanza, maana mingine ina masharti yake. Wanaotaka kurudi kuona wazazi, nauli za Desemba ni za juu, na waangalie tarehe ya kibali cha kuishi kabla ya kulipa. Kikiisha ukapewa karatasi ya muda, si kila karatasi ya namna hiyo inakurudisha Ujerumani ukishatoka. Uliza ofisi ya wageni, usimuulize rafiki.

Atakayebaki ataagiza vitu kwa anayesafiri, na hapo mama zetu hukosea. Nyama na maziwa, hata samli, haviingii Ulaya kwenye begi. Matunda mengi yanataka cheti cha afya ya mimea, isipokuwa machache, yakiwemo nanasi, ndizi na nazi. Samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20 kwa matumizi yako. Basi mwambieni mama afunge ng'onda vizuri, mifuko mitatu mmoja ndani ya mwingine, aongeze nazi mbili na bizari ya pilau. Embe za Desemba wazile wao.