Kitabu bila kalamu nyekundu

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa hili: walimu, skuli zikifungwa mwezi wa sita mnafanya nini, na kipi katika likizo hiyo ni chenu wenyewe? Nililisoma ndani ya daladala nikienda Darajani kununua samaki. Sehemu ya kwanza naijibu kwa pumzi moja. Ya pili ndiyo iliyonikalia moyoni hadi nikaamua kuandika.

Tunafanya kazi. Wiki ya mwanzo yote huishia kwenye madaftari na ripoti za kupeleka kwa wazazi. Kidato cha nne hawana likizo ya maana, kwa kuwa mtihani wa taifa unawangoja Novemba, kwa hiyo asubuhi tatu za kila juma niko nao darasani tunadurusu. Kuna azimio la kazi la muhula wa pili. Kuna bati linalovuja tangu masika, kuna mgonjwa wa kwenda kumtazama Mkokotoni, kuna harusi mbili na hitima moja. Anayedhani mwalimu akifunga skuli analala mpaka jua liwe utosini, huyo hajapata kukaa nyumba moja na mwalimu.

Kilicho changu ni jioni, tangu watu wamalize kula mpaka mama aseme amechoka. Juni kwetu Unguja ni kipupwe. Kusi linavuma, usiku unataka kitu cha kujifunika mabegani, na baraza ya nyumba yetu inakaa vizuri kuliko wakati wowote wa mwaka. Mama yangu ana miaka sabini na kitu, macho yake yamepungua nguvu, na mwaka huu aliniomba jambo moja tu: nimsomee kitabu. Akakitaja mwenyewe, cha Bwana Msa, kile cha kwanza.

Kwa wasiokifahamu, ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, mtu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, aliyezaliwa 1918. Hadithi hiyo ilishinda shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la 1957–58, ikatoka kitabu 1960, na kwayo Kiswahili kikampata mpelelezi wake: Bwana Msa mwenye kiko mdomoni, na rafiki yake Najum. Mama ni mtu wa kusini pia, kwa hiyo humsema mwandishi huyu kama mtu anayesema habari za mjomba wake.

Nilikaa, nikafungua ukurasa wa kwanza, nikaanza. Sijafika mbali nikamsikia mama amenyamaza kwa namna ya mtu anayetazama kitu. Nikaangalia mkono wangu. Nilikuwa nimeshika kalamu nyekundu, na chini ya sentensi ya tatu nimeshapiga mstari. Sikumbuki niliitoa wapi. Bila shaka ilikuwa kwenye kisahani cha pini na funguo pale pembeni, mkono umeifuata wenyewe.

"Unamsahihisha nani, mwanangu?" mama akaniuliza. "Mwenye kitabu keshatangulia."

Nikaenda kuiweka kabatini. Na nikiwa nimesimama pale kabatini nilihesabu: ninafundisha Kiswahili kwa miaka kumi na nne, na katika miaka yote hiyo sikumbuki kitabu cha hadithi nilichokisoma bila kalamu. Kila kitabu nimekiingia nikitafuta dhamira, wahusika, mandhari, tamathali za semi, ujumbe. Nakisoma kwa macho ya yule atakayetunga mtihani. Hata vile nilivyovipenda zaidi nilipokuwa msichana, nikivishika leo naona maswali yamejipanga chini ya kila ukurasa.

Ndiyo maana nimeandika barua ndefu kwa swali fupi. Nadhani walimu wengi wa somo langu tuko hivyo, na nadhani linatudhuru, na linawadhuru watoto zaidi.

Mwaka jana nilikuwa na mwanafunzi aliyejibu swali la riwaya vizuri kuliko wote. Hoja sita, kila hoja na mfano wake, utangulizi na hitimisho. Nilipomrudishia karatasi nikamwuliza, kwa furaha tu, ni mahali gani katika kitabu alipopapenda. Akanyamaza. Halafu akasema kwa adabu, "Mwalimu, kitabu chenyewe sijakisoma. Nimesoma mwongozo." Hakuwa anakiri kosa. Alikuwa ananieleza njia ilivyo, kama mtu anavyokueleza kuwa daladala ya kwenu siku hizi haipiti kule. Na mimi ndiye niliyempa alama zote zile. Vijitabu vya uchambuzi vinauzwa kwa bei ndogo kuliko riwaya, vina majibu tayari, na mtihani haujali umepita wapi. Mtoto anajua nani amekufa na kwa nini, na hadithi inaifunza nini jamii, kabla hajasikia hata sauti ya msimulizi. Hapo kitabu kimebakiwa na nini cha kumpa?

Basi nikarudi barazani nikasoma mikono mitupu.

Kumsomea mama si kazi nyepesi. Anashuku kila mtu. Mhusika akiingia tu, mama anasema, "Huyo naye macho yake simo." Anaweza kunisimamisha katikati ya sentensi nirudie, si kwa sababu hakusikia, bali kwa sababu limempendeza neno. Anatumia muda mrefu kunieleza jambo la shamba ambalo mwandishi amelitaja kwa nusu mstari, njia fulani ilikuwa ikitokea wapi, watu walikuwa wakiogopa kupita mahali gani usiku na waliambiwa nini na wazee wao. Nilikuwa nimepanga sura mbili kila jioni. Tukawa tunakwenda kurasa nane, tisa. Jioni moja tulisoma kurasa mbili tu kisha tukazungumza mpaka mnara wa saa, kama tungekuwa nao, ungegonga saa sita.

Na nilipokuwa nikisoma kwa sauti, bila kutafuta kitu, niliona jambo ambalo miaka kumi na nne ya uchambuzi haikunionyesha: namna mwandishi anavyokupoteza njia kwa makusudi. Anakuweka karibu na Najum, naye Najum anaona yale yale unayoyaona wewe, anakosea pale pale unapokosea, hivyo unakuwa na mwenzio katika kukosea. Jambo hilo ukilisoma katika mwongozo huwezi kulipata, kwa sababu mwongozo unaanzia mwisho. Lazima uwe umepotea kweli. Mama alipotea, nami nilipotea, na tulifurahi.

Kitabu cha pili nilikisoma peke yangu, mchana, wakati wa jua kali kidogo baada ya chakula. Ni Peponi ya Abdulrazak Gurnah, kwa Kiswahili cha Ida Hadjivayanis, iliyotoka 2022, mwaka mmoja baada ya mtoto huyu wa Unguja kupewa Tuzo ya Nobel. Kwa Kiingereza niliisoma chuoni, kwa kamusi, nikiwa na hofu ya mtihani. Safari hii nilimfuata Yusuf, kijana wa hadithi hiyo, kwa mwendo wangu. Sitasema mengi, ila hili: watu wa kitabu kile walikuwa wakizungumza Kiswahili tangu 1994 kilipotoka, na sisi tulikuwa tukiwasikiliza kwa mkalimani. Kuwasikia kwa lugha yao kulinitoa machozi mahali ambapo hapana la kuliza, pale watu wanapoamkiana tu.

Sasa picha.

Nilipokuwa mdogo tulisema "kutazama picha", na mama mpaka leo hasemi filamu. Yeye ana sinema yake, Majestic ya Vuga. Hapo palikuwa na sinema tangu 1921, wakati huo ikiitwa Royal. Ikaungua 1954, mwaka uliofuata ikajengwa upya kwa sura ile tunayoijua. Mama aliingia mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na miwili, ameshikwa mkono na dada yake mkubwa, katika onyesho la wanawake peke yao, maana siku hizo yalikuwepo maonyesho yao maalumu, mabuibui mlango mzima. Picha ilikuwa ya Kihindi. Raj Kapoor na Nargis anawataja kama majirani waliohama. Hakuelewa neno la Kihindi na hakuona dhiki. Nyimbo walitoka nazo mlangoni, na wiki nzima waliokwenda wakawasimulia wasiokwenda, kikao baada ya kikao, kila mmoja akiigiza kipande chake. Kuna picha ambazo mama anazijua mwanzo mpaka mwisho na hajaziona hata siku moja. Alisimuliwa na dada yake.

Majestic siku hizi si sinema tena ya kwenda jioni ukakata tiketi. Wapo watu wa hifadhi ya Mji Mkongwe wenye nia ya kuifufua, na kila nikipita Vuga nawaombea. Kwa mwalimu wa kawaida wa mjini, nafasi kubwa ya kutazama picha pamoja na watu, si kwenye simu, ni tamasha la nchi za majahazi, ambalo watu wengi hulijua kwa jina la ZIFF. Lilianza 1998, na miaka mingi limeangukia Juni au Julai, yaani ndani ya likizo yetu au mlangoni mwake. Picha huonyeshwa Ngome Kongwe, penye kuta walizojenga Waomani baada ya Wareno kuondoshwa. Unakaa kwenye ngazi za mawe, hapana paa, mbele yako pazia, juu yako nyota.

Nilikwenda na kijana wangu wa kidato cha pili. Tulipitia Forodhani tukala mishkaki na mkate wa kumimina, tukaingia mapema tupate ngazi za katikati. Nilikuwa nimevaa sweta chini ya baibui na bado nilihisi baridi ya jiwe. Picha ya pili usiku ule ilikuwa fupi, ya vijana wa pwani ya Tanzania, na nitakayokumbuka ni sehemu moja. Mwanamke ameketi kwenye mbuzi anakuna nazi. Ametoka kupokea habari mbaya, sisi tunaijua, yeye hasemi neno. Anakuna. Nazi inakwisha, kifuu kinaanza kukwaruzwa kikavu, na bado anakuna. Uwanja mzima tulikuwa kimya. Kisha kusi likaja kwa nguvu likalisukuma pazia kwa nyuma, na uso wake ukapindika, ukapanda na kushuka kama kanga iliyoanikwa, mpaka upepo ulipotulia. Mama mmoja ngazi ya chini yetu akasema, si kwa sauti kubwa, "Basi, mwanangu, basi, iache hiyo nazi." Hakuna aliyecheka. Kijana wangu alinishika mkono, na ana umri wa kutoshika mkono wa mama yake mbele za watu.

Njiani kurudi sikumwuliza ujumbe wa picha ni nini. Nakiri swali lilikuja mpaka ulimini nikalimeza. Tulitembea mpaka Darajani, na tulipokaribia kituo akasema mwenyewe, "Mama, unadhani alijua kuwa nazi imekwisha?" Tukalizungumza hilo ndani ya daladala mpaka nyumbani, na hatukukubaliana.

Mama hakwenda nasi. Magoti hayawezi ngazi zile. Kwa hiyo jioni iliyofuata hatukusoma Bwana Msa. Nilikaa barazani nikamsimulia picha, na nilipofika kwenye nazi kijana akaingia jikoni akaja na mbuzi, akaketi, akamwonyesha bibi yake mkono ulivyokuwa ukienda. Mama alitazama kwa makini sana, kichwa amekiinamisha upande mmoja, jicho lile linaloona bado vizuri limeelekea kwa mjukuu. Alipomaliza akauliza, "Na nguo yake ilikuwa rangi gani?" Mimi sikukumbuka. Mtoto alikumbuka.

Wapo wenzangu wanaosema mwalimu wa siku hizi hana nafasi ya mambo haya, mshahara haumruhusu wala saa hazimtoshi. Kuhusu saa nawaelewa, kwa kuwa mimi nilizipata kwa kuacha masomo ya ziada ya jioni niliyokuwa nikiwafundisha watoto wa mtaani kwa malipo, na fedha ile nimeiona pengo lake sokoni. Si kila mmoja anaweza kufanya hivyo, na simlaumu asiyeweza. Lakini kitabu cha Bwana Msa nilikiazima kwa mwalimu mwenzangu, kimeshonwa kwa uzi mgongoni na kimepita mikono mingi, na baraza ni ya nyumbani. Skuli zingeweza kabisa kuwa na kabati la vitabu ambavyo havimo katika mtihani wowote, mwalimu akachukua, mtoto akachukua, akarudisha bila kuulizwa kitu. Nimeshalipeleka ombi hilo kwa wakuu wangu kwa maandishi, na nangoja jibu.

Skuli zimefunguliwa Jumatatu. Asubuhi ya siku hiyo niliitoa kalamu kabatini nikaenda nayo kazini. Kitabu hatukukimaliza, zimebaki sura mbili. Nilimwambia mama mjukuu anaweza kumsomea jioni nikiwa na madaftari. Akakataa, anasema mtoto anasoma mbio kama anayefukuzwa. Tumepatana Ijumaa usiku, kurasa nane, na ameniapisha nisitazame mwisho.