Madirisha ya nyumba inayotazama bahari

SWALI: Assalaam aleikum. Ninajenga nyumba ya familia Wete, upande unaotazama bahari, na paa limekwisha kuezekwa. Fundi ananishauri niweke madirisha ya alumini ya kusukuma yenye vioo vya giza, au hata vioo viwili viwili ili kuzuia joto. Baba yangu anataka mbao, kama nyumba zetu za zamani. Nifuate ushauri upi?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaikumu salaam, ndugu msomaji. Anza na upepo, kwa sababu nyumba isiyo na kiyoyozi hupozwa na kaskazi na kusi, si na kioo. Dirisha la kusukuma hufunguka nusu tu, kwani kipande kimoja hubaki nyuma ya mwenziwe, ilhali la bawaba hufunguka lote. Vyumba vya kulala vipe ya bawaba, na kila chumba kiwe na tundu la kutokea upepo upande wa pili.

Vioo viwili viwili vina faida pale chumba kinapofungwa na kiyoyozi kufanya kazi. Katika dirisha linaloachwa wazi mchana kutwa, fedha hiyo imepotea. Kioo cha giza nacho hupunguza mwanga mkali, lakini chenyewe hufyonza joto na kulitoa tena, sehemu yake ikiingia ndani. Kwa kuwa bahari yenu iko magharibi, jua la alasiri litakuja chini chini na kupita chini ya upenu, kwa hiyo kinachohitajika ni kivuli cha nje: mbao za luva (vibao vya mshazari vilivyoachiana nafasi) au veranda pana. Hapo baba yako ana hoja nzito. Luva huzuia jua na kupitisha upepo kwa pamoja, jambo ambalo kioo hakiliwezi.

Mvule na mtiki hustahimili unyevu na mchwa vizuri, mradi mbao ziwe zimekauka barabara kabla ya kuundwa, na zipakwe mafuta au vanishi mara kwa mara. Asiyeweza kuzitunza hivyo achukue alumini, lakini aulize unene wa ngozi yake: karibu na bahari, alumini iliyotiwa ngozi ya oksidi kiwandani iwe na mikroni 25 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na ile ya rangi ya unga isipungue mikroni 60. Usikubali skrubu za chuma cha kawaida, kwa maana metali mbili tofauti zikikutana kwenye maji ya chumvi, alumini huliwa; omba chuma cha pua cha daraja la 316, pamoja na bawaba na vitasa vya kustahimili chumvi. Ninalisisitiza hili kwa sababu mara nyingi fremu huwa bado nzima lakini dirisha halifungi tena. Mwambie fundi aache vitundu vya kutolea maji kwenye reli ya chini, na mzioshe fremu kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila baada ya wiki chache.

Kwenye milango na madirisha yanayofika karibu na sakafu, weka kioo kilichoimarishwa kwa moto, ambacho kikivunjika hutawanyika vipande vidogo butu. Kioo hicho hakikatwi tena baada ya kuimarishwa, kwa hiyo vipimo vichukuliwe lipu ikishakamilika. Na fremu ikiwa imewekwa mapema, ifunikwe, maana saruji mbichi huichoma alumini na doa lake halitoki.